MAISHA YA BI GRACE HOPPER: USIPOZIBA UFA UTAJENGA UKUTA

Kila mwaka jarida hili letu la Chama cha Kiswahili huwa na maisha ya mtu mashuhuri. Tumeshasoma ya Shaaban Robert, ya Dedan Kimathi na ya Profesa Wangari Maathai, na wote hao walistahili. Mwaka huu mlezi wa chama amenipa mimi kazi hiyo, nami nimeamua kuwaletea mtu ambaye pengine wengi wenu hamjawahi kumsikia, ingawa matunda ya kazi yake mnayala kila siku mnapotuma pesa kwa simu au mnapopewa risiti ya supamaketi. Mtu huyo ni Bi Grace Hopper wa Marekani, mwanahisabati na afisa wa jeshi la majini, aliyefariki mwaka wa 1992, kabla mimi sijazaliwa na hata kabla wazazi wangu hawajajuana.

Najua kuna watakaoguna na kuuliza ya nini kwenda mpaka Marekani ilhali sisi tuko hapa Nairobi. Ngojeni kidogo. Kabla ya kumaliza nitapita Luthuli Avenue, nitapita Waiyaki Way na Bomas, na nitafika hata nyumbani kwetu Kawangware. Lakini maisha ya mtu huanzia pale alipozaliwa, basi na tuanzie huko.

Utoto na masomo

Grace Brewster Murray alizaliwa tarehe 9 Desemba 1906 katika jiji la New York. Tangu utotoni alikuwa mdadisi kupita kiasi. Familia yao ilikuwa na nyumba ya likizo katika jimbo la New Hampshire, na ndani yake mlikuwa na saa za kengele saba. Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi, alitaka kujua saa hufanyaje kazi, akaifungua moja. Lo! Vyuma vikamwagika sakafuni, akashindwa kuvirudisha. Akaenda akafungua ya pili ili aangalie ya kwanza ilikuwa imepangwaje. Ya pili nayo ikamwagika. Akaendelea hivyo hivyo mpaka saa zote saba zikawa vipande. Kwetu sisi hapo pangelia fimbo, lakini mama yake alimwachia saa moja tu ya kuchezea, nyingine akakatazwa kuzigusa.

Nimekieleza kisa hicho kwa sababu ndani yake mna habari yote nitakayowapa. Kufungua kitu kilichotengenezwa na mtu mwingine ni rahisi. Kukielewa, ukakitengeneza na kukirudisha kikiwa kizima, hiyo ndiyo kazi, na Grace aliifanya kazi hiyo maisha yake yote.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na sita, yaani umri wangu huu huu, aliomba nafasi katika Chuo cha Vassar akakataliwa. Sababu? Alikuwa ameanguka somo la Kilatini. Wenzangu mnaolia na alama za mtihani wa mwisho wa muhula, mnasikia hayo? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alirudi kusoma, na mwaka uliofuata akakubaliwa. Mwaka wa 1928 alihitimu katika hisabati na fizikia. Kisha alikwenda Chuo Kikuu cha Yale, akapata shahada ya pili mwaka wa 1930 na ya uzamifu katika hisabati mwaka wa 1934. Siku hizo wanawake wenye shahada hiyo katika somo hilo walikuwa wa kuhesabika. Mwaka wa 1930 aliolewa na mwalimu aliyeitwa Vincent Hopper. Hawakujaliwa watoto, na mwaka wa 1945 walitalikiana, lakini jina la Hopper alibaki nalo.

Alirudi Vassar kufundisha hisabati. Huko alikuwa na desturi moja iliyowaudhi wanafunzi wake: aliwalazimisha kuandika insha. Walinung'unika kwamba wamekuja kujifunza hesabu wala si lugha. Yeye alishikilia kwamba hesabu isiyoweza kuelezwa kwa maandishi yanayoeleweka haina faida kwa mtu mwingine. Sisi wa Chama cha Kiswahili tunaochekwa na wale wa Chama cha Sayansi, tuliweke hilo akilini.

Vita na mashine ya kwanza

Desemba 1941 Marekani iliingia katika Vita Vikuu vya Pili. Bi Hopper alitaka kujiunga na jeshi la majini lakini mambo yote yalimkataa. Umri ulikuwa umepita kiasi. Uzito wake ulikuwa pungufu kwa ratili 15 kulingana na kiwango cha jeshi. Tena serikali iliona afadhali mwalimu wa hisabati abaki darasani. Hakukata tamaa. Aliomba ruhusa maalum, akaipata, na Desemba 1943 akaingia katika kikosi cha akiba cha wanawake. Mwaka wa 1944 alimaliza mafunzo akiwa wa kwanza katika darasa lake.

Julai mwaka huo alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard, mahali palipokuwa na mashine ya ajabu iliyoitwa Mark I. Hiyo ndiyo mojawapo ya tarakilishi za mwanzo kabisa duniani. Msiifikirie kama zile zilizoko katika chumba chetu cha tarakilishi. Urefu wake ulikuwa mita 15 na zaidi, kimo chake karibu mita mbili na nusu, na uzito wake takriban tani tano. Ilikuwa ikisoma maagizo kutoka kwa utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Mkuu wa kazi, Howard Aiken, alimpa Bi Hopper hesabu za kivita za kufanya kwa mashine hiyo ambayo alikuwa hajawahi hata kuiona.

Aiken alimwamuru pia aandike kitabu cha kueleza jinsi mashine hiyo inavyotumika. Alikiandika, kurasa zaidi ya 500, kikachapishwa mwaka wa 1946. Ndicho kitabu cha kwanza cha namna yake, na faida yake ni kwamba mtu aliyekuja baadaye hakuhitaji kubahatisha.

Kisa cha mdudu

Tarehe 9 Septemba 1947, mashine iliyofuata, Mark II, ilikuwa inaleta majibu yasiyoeleweka. Mafundi walipoifungua walimkuta nondo amenasa katika mojawapo ya swichi zake. Walimtoa, wakambandika kwa selotepu katika daftari la kazi na kuandika kwamba wamempata mdudu halisi. Daftari hilo lingali limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian huko Washington, pamoja na nondo wake.

Watu wengi hudhani Bi Hopper ndiye aliyemtoa nondo huyo na ndiye aliyebuni neno mdudu kwa maana ya hitilafu. Si kweli. Mafundi wa Marekani walikuwa wakilitumia neno hilo tangu zamani, na ndiyo maana walifurahi kumpata mdudu mwenye mbawa. Bi Hopper alikipenda kisa hicho akakisimulia miaka mingi, hata kikawa chake.

Mdudu mwenye mbawa ni rahisi, ukimwona unamtoa. Taabu ni mdudu asiyeonekana, yule aliyeingia kupitia kichwa cha mtu aliyeandika maagizo. Huyo anaweza kukaa ndani ya programu miaka ishirini akisubiri siku yake.

Kuifundisha mashine lugha ya watu

Mwaka wa 1949 alijiunga na kampuni moja ya Philadelphia iliyokuwa ikitengeneza tarakilishi iitwayo UNIVAC. Hapo aligundua jambo ambalo sisi wanafunzi tunalijua sana. Waandishi wa programu walikuwa na madaftari yenye vipande vya maagizo vilivyokwisha kujaribiwa, na kila mmoja alikuwa akinakili kutoka kwa mwenzake. Si mnajua mambo ya kunakili? Mmoja akiandika tarakimu moja vibaya, kosa linasafiri mpaka dawati la nyuma. Bi Hopper aliona kwamba kazi ya kunakili na kuunganisha vipande ifanywe na mashine yenyewe, kwa kuwa haichoki wala haisinzii.

Mwaka wa 1952 alikuwa na programu ya kufanya hivyo, na ndiyo inayohesabiwa miongoni mwa kompaila za kwanza. Kompaila ni programu inayofasiri. Fikirieni mkalimani katika mkutano wa injili: mhubiri anasema Kiingereza, naye anawapa watu kwa Kiswahili. Kompaila inachukua maagizo yaliyoandikwa kwa namna inayoeleweka na watu, kisha inayageuza yawe tarakimu zinazoeleweka na mashine. Wakubwa hawakuamini. Walisema tarakilishi ni ya kujumlisha na kutoa tu. Hata hivyo aliendelea, akaunda pamoja na wenzake lugha iliyotumia maneno ya Kiingereza cha kawaida badala ya alama za hesabu.

Mei 1959 kulikuwa na mkutano katika makao makuu ya wizara ya ulinzi ya Marekani. Shida ilikuwa kwamba kila kampuni ilikuwa na lugha yake, na ukinunua tarakilishi mpya ilikubidi uandike programu zako zote upya. Kamati ikaundwa ili itafute lugha moja ya kazi za biashara na ofisi, nayo ikaitwa COBOL. Bi Hopper hakuiandika COBOL peke yake kama wengine wanavyodai. Alikuwa mshauri, na lugha yake ya awali ndiyo iliyokuwa msingi mkubwa wa ile mpya. Desemba 1960 programu moja ya COBOL iliendeshwa katika tarakilishi mbili za kampuni mbili tofauti, kwa kubadilishwa kidogo sana. Kuanzia hapo programu iliweza kuishi zaidi ya mashine iliyozaliwa ndani yake.

Anastaafu, anarudishwa

Mwishoni mwa mwaka wa 1966 jeshi la majini lilimstaafisha kwa sababu ya umri. Aliumia moyo sana. Lakini kumbe! Miezi saba haikupita jeshi likamwita tena. Ndani ya jeshi kulikuwa na COBOL za kila aina zisizoelewana, ni kama watu wa pwani na wa bara wanaosema Kiswahili kimoja lakini kila mtu na maana yake. Agosti 1967 alirudi kwa muda wa miezi sita. Miezi hiyo sita ikawa miaka kumi na tisa.

Alifanya nini miaka yote hiyo? Hakubuni mashine mpya. Alikuwa akipatanisha zilizoko, akiandika kanuni, na akisimamia programu za kujaribu kompaila ili ijulikane ipi inafuata kanuni na ipi haifuati. Hapa Kenya hatununui unga bila kuangalia alama ya ubora kwenye pakiti. Yeye alikuwa akitafuta alama kama hiyo ya programu. Kazi hiyo haina shangwe, na ndiyo maana wanaomwandikia maisha huipita haraka wakimbilie kisa cha nondo. Mimi naiona kuwa ndiyo kubwa kuliko zote.

Ofisini mwake alitundika saa ya ukutani inayokwenda kinyumenyume. Wageni walishangaa, kisha baada ya dakika chache wakaizoea na kusoma majira vizuri. Alitaka waone kwamba mazoea si sheria. Akienda kufundisha alibeba vipande vya waya vyenye urefu wa sentimita 30 hivi na kuwagawia watu. Huo ni umbali ambao umeme hauwezi kuupita katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kwa njia hiyo mtu aliweza kushika mkononi kitu ambacho haiwezekani kukiona.

Alistaafu kabisa tarehe 14 Agosti 1986 akiwa na umri wa miaka 79 na cheo cha ngazi ya admirali. Sherehe ilifanyiwa ndani ya meli kongwe ya vita, Constitution, huko Boston. Hata hapo hakukaa nyumbani, aliajiriwa na kampuni ya tarakilishi awe mshauri. Mwaka wa 1991 alipewa nishani ya taifa ya teknolojia. Alifariki usingizini tarehe 1 Januari 1992 akazikwa katika makaburi ya kitaifa ya Arlington. Mwaka wa 2016 Rais Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Siaya, alimtunukia nishani ya juu kabisa inayopewa raia wa nchi hiyo.

Ufa alioacha

Alikufa siku ya mwaka mpya. Miaka minane baadaye, siku hiyo hiyo, dunia nzima ilikuwa imeshika roho mkononi kwa ajili ya programu za zama zake. Zamani nafasi ya kuhifadhi habari ndani ya tarakilishi ilikuwa ghali mno, basi waandishi walifupisha mwaka: badala ya 1967 waliandika 67. Hawakudhani programu zao zingefika mwaka wa 2000. Zilifika. Kwa mashine, 00 ingeweza kuwa 1900, na mtoto mchanga angeweza kuhesabiwa kuwa mzee wa miaka mia. Mabilioni ya dola yalitumika kuzipekua programu mstari kwa mstari. Tarehe 1 Januari 2000 ilipofika, mambo mengi yalikwenda salama, na watu wakaanza kusema kwamba walidanganywa na kutishwa bure.

Hiyo ndiyo bahati mbaya ya mtu wa matengenezo. Akifanya kazi yake vizuri hakuna kinachotokea, na kisipotokea kitu nani atamshukuru?

Pengine mtauliza kwa nini programu itengenezwe, ilhali si kama matatu inayomaliza matairi na breki. Simu yako ikipasuka kioo, unakwenda kwa fundi Luthuli Avenue, anafungua kwa bisibisi, anatia kingine, unalipa na kwenda zako. Programu haina kioo wala skrubu. Maagizo yaliyoandikwa 1960 hayajachakaa hata kidogo. Kinachobadilika ni dunia inayoyazunguka: sheria, kodi, sarafu, idadi ya wateja, na hata kalenda. Mwanasayansi aitwaye Meir Lehman, aliyefanya kazi Uingereza, pamoja na mwenzake Laszlo Belady, walichunguza jambo hili katika miaka ya 1970. Walionyesha kwamba programu inayotumika lazima iendelee kubadilishwa la sivyo itapungua manufaa. Walionyesha pia kwamba kila ikibadilishwa inazidi kuwa tata, mpaka mtu ajitolee kuipanga upya. Ni kama nyumba za mitaa yetu zinazoongezwa chumba kila mwaka. Mwishowe hakuna anayejua bomba la maji limepita wapi, na ukipigilia msumari jikoni, jirani analoa.

Maswali yanayotokana na hayo bado yanawasumbua wataalamu. Utajuaje, kabla hujagusa mstari mmoja, ni mistari mingapi mingine itakayovunjika? Utaupimaje ubora wa kitu kisichoshikika? Utaielewaje programu ambayo aliyeiandika amestaafu au amefariki? Aprili 2020, wakati wa korona, jimbo la New Jersey lilitangaza hadharani kwamba linahitaji watu wanaojua COBOL. Mfumo wake wa kuwalipa waliopoteza kazi ulikuwa bado wa lugha hiyo, na vijana wanaoijua walikuwa wachache. Siku hizi akili bandia inaandika programu kwa dakika chache. Je, mdudu akitokea huko, nani atakayejua kwa nini mstari fulani uliwekwa?

Na sisi hapa Nairobi?

Mwanzoni niliahidi kurudi nyumbani. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha taasisi ya sayansi ya tarakilishi mwaka wa 1977, wakati Bi Hopper akiwa bado jeshini anasimamia kanuni zake. Kwa hivyo sisi si wageni wa mambo haya.

Ukipanda matatu ya Kangemi kutoka mjini, Waiyaki Way, unapita makao makuu ya Safaricom hapo Westlands. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Lakini majaribio yake ya mwaka wa 2005 yalikuwa ya watu kulipa mikopo midogo kwa simu. Wakati wa majaribio watu walianza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, na wenye mpango wakaugeuza ufuate watu. Hiyo ni programu iliyokua. Aprili 2015 mfumo wake mzima ulihamishwa kutoka mitambo iliyokuwa Ujerumani ukaletwa Kenya, tena kwa programu mpya. Tunasifu walioianzisha, na ni haki yao, lakini nani anawajua wale waliokesha wakihamisha akaunti za mamilioni ya watu ili mama mboga akiamka akute salio lake?

Upande wa pili kuna Bomas, katika barabara ya Lang'ata. Uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 nilikuwa mtoto mdogo, lakini wazazi wetu wanaukumbuka. Kura zilizoharibika zilionekana kwenye skrini zikipanda hadi zaidi ya 300,000, na nchi nzima ikaanza kunong'ona. Tume ya uchaguzi ikaeleza kwamba programu ilikuwa ikizizidisha kura hizo mara nane. Mfumo wa kutuma matokeo nao ukakwama, ikabidi maafisa walete fomu kwa mkono. Idadi ya mwisho ya kura zilizoharibika ilikuwa 108,975. Kumbukeni ni miaka mitano tu tangu damu ilipomwagika baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mdudu mmoja wa kuzidisha, katika nchi yenye kidonda kibichi, si jambo la kuchekea.

La tatu ni la kwetu. Mama yangu anauza nguo kuukuu hapa Kawangware, na kwa miaka minne amekuwa akiweka akiba katika chama kimoja cha akiba, ambacho sitakitaja. Mwaka juzi chama hicho kilinunua programu mpya. Hesabu za wanachama wa zamani hazikuhamia zote, na ya mama ikasomeka sufuri. Ya zamani ilikuwa imeandikwa na kijana mmoja aliyekwenda ng'ambo bila kuacha hata ukurasa mmoja wa maelezo. Karani alibonyeza, akabonyeza tena, akamwambia mama arudi wiki ijayo. Wiki ijayo zikawa miezi miwili. Mimi nilikaa nyumbani siku tisa kwa sababu ya karo. Kilichomwokoa mama ni risiti zake alizokuwa ameziweka katika kopo kuukuu la mafuta ya kupikia. Walizihesabu moja moja kwa mkono mpaka ikapatikana Sh. 38,400. Jirani yetu aliyetupa zake anazungushwa mpaka leo.

Tangu hapo nikisoma kuhusu kitabu kile cha kurasa 500 cha mwaka wa 1946 sicheki. Laiti yule kijana angeacha hata kurasa tano.

Mafunzo

Wasomaji wapenzi, nimejifunza mambo matatu katika maisha ya Bi Hopper. La kwanza, kukataliwa ukiwa na miaka kumi na sita hakuzuii kitu. Sisi wasichana tunaoambiwa tarakilishi ni za wavulana tumtazame yeye.

La pili, tunapenda mno kitu kipya. Kila mashindano ya sayansi tunaulizwa tumebuni nini. Sijawahi kusikia zawadi ikipewa mwanafunzi aliyechukua kazi ya mwenzake wa mwaka jana akaitengeneza ikawa bora. Napendekeza kwa walimu wetu kwamba zawadi hiyo iwepo, hata ikiwa ni kamusi moja tu.

La tatu linatuhusu sisi wa chama hiki. Programu huandikiwa mashine, lakini husomwa na watu, na wengi wao bado hawajazaliwa. Anayeweza kuandika insha inayoeleweka ana nusu ya ufundi huo tayari. Wenzangu wa somo la tarakilishi, mkimaliza mradi wenu wa kidato cha nne, andikeni pembeni, kwa lugha safi, mlifanya nini na kwa nini. Kuna mtu atakayekuja baada yenu, naye atakuwa na mama kwenye foleni.